Mgeni Juu ya Pipa

Niliondoka Naitiri asubuhi moja ya mwezi wa tatu bila mpango wowote. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, barabara imelainika, na kila mtu mwenye shamba alikuwa shambani akipanda. Mimi sikuwa na shamba. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mfuko mmoja wa nguo, na mazoea ya kuondoka mahali siku ile ninapoona nimeshaelewa kila kitu kilichopo. Shule niliiachia kidato cha pili. Tangu hapo nilikuwa nimeuza mitumba Kimilili, nimewafulia walimu nguo, kisha nimechambua maharagwe katika ghala moja pale Naitiri hadi maswali ya kuuliza kuhusu maharagwe yakaniishia. Nilipofika njia panda, trekta lililokuwa limebeba magunia ya mbegu lilisimama ili dereva afunge kamba iliyolegea. Nikamsaidia kuifunga. Akaniuliza naelekea wapi, nikamwambia huko anakoelekea yeye. Akasema yeye anaenda karibu na Kachibora, je, huko nina mtu? "Bado," nikamjibu. Akacheka mpaka akaegemea gurudumu, kisha akanisogezea magunia mawili nikakaa.

Naandika haya kwa sababu mwaka jana tulimzika Mzee Wafula, aliyenipa kazi mwisho wa safari hiyo, nyumbani kwake nje kidogo ya Kimilili. Baada ya mazishi tulikaa chini ya hema na sahani za wali mapajani, na msichana mmoja mrefu akaja kuketi karibu yangu, akaniuliza kama mimi ndiye yule Nekesa wa pipa. Alikuwa Naliaka, binti wa dada yake Mzee, ambaye sasa anafanya kazi ng'ambo katika maabara yenye leza kubwa kuliko nyumba. Alinieleza kazi yake kwa utaratibu, bila kunidharau. Leza ile hupiga mara moja, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kutoka pale inapopiga hutoka miale ya gama. Miale hiyo ikigonga kiini cha atomu kwa nguvu ya kutosha inang'oa nyutroni. Yeye kazi yake ni vigunduzi, vyombo vinavyohesabu gama na nyutroni hizo. Gama hufika kwanza kama radi, na inaweza kukipofusha chombo; nyutroni hufuata nyuma, polepole zaidi, na lazima chombo kiwe kimefumbua macho tena kabla hazijapita. Nikamuuliza ni nini kinachowasumbua zaidi. Alifikiri, akaweka kijiko chini. Akasema si leza na wala si chombo. Ni ukuta, ni bomba la maji linalopita karibu, ni kitu chochote kilichosimama mahali pasipofaa na kuzirudisha nyutroni kwenye chombo zikiwa zimekwisha kubadilika. "Mjomba Wafula aliniambia nikiwa mdogo," alisema, "kabla hujauliza chombo kinasema nini, uliza kinakaa juu ya nini. Akasema alifundishwa na wewe." Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikidhani kwamba mimi ndiye niliyefundishwa na yeye.

Trekta liliniteremsha kwenye shamba kubwa la zamani lenye nyumba ya matofali iliyokuwa imeanza kumomonyoka upande mmoja. Sehemu ya shamba hilo ilikuwa imekodishwa na mradi wa kupima maji ya udongo: jinsi mvua inavyoingia ardhini, inakaa wapi, na mahindi yanainywa lini. Hayo yote niliambiwa na Mama Cherop, mpishi wa chai, kabla sijaulizwa hata jina. Alikuwa mwanamke wa Cherang'any, mfupi, mwenye mikono yenye nguvu, na jiko lake lilikuwa kwenye veranda ya nyuma, ambako alipika chai ya maziwa saa nne, na mchana mahindi ya kuchemsha na maharagwe au ugali na mboga ya mrenda. Aliniambia pia kwamba kazi ipo, lakini si ya kupanda wala kupalilia. Ilikuwa kazi ya kubeba sanduku la njano, na watu wanne walikuwa wamekwisha kuikimbia tangu mwaka uanze. Sanduku lile, walisema, linakausha tumbo la mwanamke na kumaliza nguvu za mwanamume. "Wewe msichana," aliniuliza mbele ya wanawake wengine waliokuwa wakinywa chai, "ukishabeba hiyo kitu, nani atakuoa?" Nikamuuliza kama yeye ameniletea bwana ili nijue ni nani ninayemkosa. Wanawake wakacheka, naye akanimiminia kikombe cha pili. Mchana huo nikapelekwa kwa Bwana Wafula.

Wakati huo alikuwa na miaka hamsini hivi, mtu mkavu, mwenye koti la kijivu lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, zote za wino. Alinikuta nimeinama nikilitazama sanduku kwa karibu, akasema polepole kwamba kutazama si vibaya, ila nirudi hatua mbili. Kisha akanifanyia jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kunifanyia: alinieleza kila kitu kabla ya kuniuliza kama nataka kazi. Ndani ya sanduku, akasema, mna chuma kidogo, ukubwa wa kidole cha mtoto, kinachotema nyutroni mchana na usiku. Pia kinatoa gama. Alichukua chombo kingine cha mkononi, akakisogeza karibu na sanduku, kikaanza kulia ti-ti-ti. Akarudi nyuma, kikapungua. Akafika mlangoni, kikalia mara moja moja tu. "Hatari ipo, sitakudanganya," alisema. "Lakini hatari inapimwa. Ukiwa mbali kidogo, na ukiwa nayo kwa muda mfupi, inakuwa ndogo. Usiikumbatie, usiikalie, usiibebe kwa kichwa. Wale wengine walikimbia kwa sababu hakuna mtu aliwaambia ya kweli." Nikamwambia mimi sikimbii kitu ninachoelewa. Akasema basi tungojee nikielewe.

Nilikielewa kwa gololi. Alichora mstari kwenye sakafu ya ghala la mbegu, akapiga gololi moja kwenye jiwe, ikarudi kwa kasi ileile. Akaipiga tena, safari hii kwenye gololi mwenzake: ya pili ikaenda, ya kwanza ikasimama pale pale. Nyutroni ni hivyo, akasema. Ikigonga atomu kubwa za udongo inaruka tu. Ikigonga hidrojeni, ambayo ni saizi yake, inapoteza mwendo. Na hidrojeni udongoni iko hasa kwenye maji. Shambani kulikuwa na mabomba ya alumini yaliyozikwa wima, kila moja limefunikwa kwa mkebe wa mafuta ya kupikia ili mvua isiingie. Tuliweka sanduku juu ya bomba, tukateremsha chuma kwa waya hadi sentimita thelathini, sitini, tisini, mpaka mita moja na nusu. Kando ya chuma kulikuwa na kigunduzi chembamba chenye gesi, ambacho kiliziacha nyutroni za haraka zipite na kuzihesabu zile zilizopunguzwa mwendo tu. Gama nazo hakikuzijali. Maji mengi, hesabu kubwa. Maji kidogo, hesabu ndogo. Namba zilitokea kwenye kidirisha, yeye akazisoma kwa sauti, mimi nikaandika. Baada ya mwezi tulibadilishana: mimi nikasoma, yeye akaandika, kwa sababu macho yangu yalikuwa bado mazuri.

Sehemu moja ya kazi hii lazima niieleze vizuri, maana ndiyo iliyobeba mwaka wote. Chombo kama lile sanduku la njano hakiko sawa kila siku. Betri huchoka, joto hubadilika. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda shambani, chuma kikiwa bado kimefungiwa ndani ya ganda lake zito la plastiki, tulikiacha kihesabu peke yake kwa dakika kadhaa. Hiyo tuliiita hesabu ya msingi. Hesabu zote za shambani siku hiyo ziligawanywa kwa hesabu ya msingi ya siku hiyo, kama mtu anayesahihisha mizani kabla ya kupima sukari. Maelezo ya chombo yalisema kiwekwe juu ya sanduku la mbao la kukisafirishia, mahali pa wazi. Lakini sanduku la mbao lingekaa chini, kwenye matope ya uani, na Bwana Wafula hakuweza hata kuliwazia jambo hilo. Yeye chombo alikiita mgeni. Kwao mgeni hakai chini. Hata ukiwa na kiti kimoja nyumbani, kiti hicho ni chake. Kwenye veranda, karibu na jiko la Mama Cherop, lilikuwepo pipa la chuma lililokinga maji ya mvua kutoka paani, lenye mfuniko bapa na bomba la kufungulia upande wa chini. Juu ya mfuniko Bwana Wafula alikuwa ametandika kitambaa cheupe cha kufuma, kazi ya mke wake, chenye maua ya waridi pembeni. Hapo ndipo mgeni aliketi kila asubuhi akihesabu, sisi tukinywa chai kwa mbali. Nilikiona kitambaa kile kila siku kwa miezi minne, na nilikipenda.

Mwezi wa saba, mkubwa wa mradi, ambaye wote tulimwita Daktari, alikuja kutoka Nairobi na mwenzake mmoja. Daktari alikuwa mtu wa haraka, mwenye adabu, asiyekunywa chai mpaka amalize kazi. Alichukua nakala za hesabu na kuzipitia kwenye chumba cha mbele. Mimi nilikuwa jikoni nikisaidia kuchambua mrenda, na mlango wa chumba kile wa kuelekea jikoni ulikuwa haufungiki. Nilisikia Daktari akisema kwamba mzee huyu haendi shambani. Anaziandikia hapa hapa jikoni. Mvua ikinyesha, udongo wake unakauka. Jua likiwaka wiki nzima, udongo wake unapata maji. Yule mwenzake akacheka. Daktari hakucheka. Alisema anamheshimu mzee, lakini mwisho wa mwezi atarudi na barua ya kumwachisha kazi, na kwamba mtu akifutwa kwa kutunga hesabu hakuna mradi mwingine utakaomchukua. Mama Cherop naye alisikia. Aliacha kukoroga, akanitazama, kisha akaanza kukoroga tena kwa nguvu kuliko mwanzo.

Mimi nilijua ni uongo. Nilikuwa nimetembea na mtu huyo kwenye umande kila siku, nimeshika kitabu huku yeye amepiga magoti kwenye udongo. Lakini kujua kwangu hakukuwa na thamani yoyote. Ningesema nini, mimi mbeba sanduku? Nikafikiria kuondoka, hilo ndilo nililokuwa nalijua vizuri zaidi, na nguo zangu zilikuwa zinaingia kwenye mfuko mmoja. Leo nikijiuliza ni nini kilichonizuia, sidhani kama ilikuwa ni wema. Ilikuwa ni kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa na swali ambalo sikuwa nimelimaliza. Nilimwendea Bwana Wafula alipokuwa akipiga viatu rangi nyuma ya ghala, nikamweleza yote niliyosikia, neno kwa neno. Hakuinua kichwa. Alimaliza kiatu cha kwanza, akakiweka juani, akachukua cha pili.

"Hizo hesabu hata mimi nimeona ziko na shida," alisema mwishowe. "Nimeona tangu mwezi wa tano."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuzirekebisha kidogo, ili zifanane na mvua.

"Hapo sasa ndiyo ningekuwa mwongo," alisema. Akanyoosha mkono ndani ya koti, akanipa kitabu cha hesabu. "Kama kuna makosa iko humo ndani. Mimi nimetafuta, sijaona. Tafuta wewe."

Nilitafuta kwa siku tisa. Nilikuwa nalala kwenye chumba kidogo kando ya ghala la mbegu, chenye harufu ya dawa ya kuzuia fukusi, na meza yangu ilikuwa kreti ya soda iliyogeuzwa. Kila jioni kabla giza halijaingia nilichora mistari kwenye karatasi za magunia ya mbegu: tarehe chini, hesabu juu, kila kina na mstari wake. Sikuwa na fizikia. Darasani tulikuwa tumefika kwenye sumaku nilipotoka. Lakini nilikuwa nimechambua maharagwe kwa miezi mingi, na mikono yangu ilijua kutenganisha vitu vinavyofanana. Siku ya sita niliona jambo. Mstari wa sentimita thelathini ulipanda na kushuka, sawa, huko juu mvua na jua vinafika. Lakini mstari wa mita moja na nusu nao ulipanda na kushuka, siku zilezile, kwa kiasi kilekile. Huko chini hakujui kama jana ilinyesha. Maji yanachukua wiki nyingi kufika huko, mengine hayafiki kabisa. Kitu pekee ambacho vina vyote vilikuwa nacho kwa pamoja ni ile namba ya asubuhi iliyovigawanya vyote. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa shambani. Ulikuwa hapa nyumbani, kabla hatujaanza kutembea.

Siku tatu za mwisho nilikaa kwenye veranda asubuhi nikitazama. Niliangalia betri, nikaangalia jua linapopiga, nikahesabu hata kuku wanaopita. Siku ya Jumatano Mama Cherop alikuwa anafua magunia. Alifungulia bomba la pipa, maji yakatoka kidogo na kukatika, akapiga pipa kwa kofi. Likalia kwa sauti kubwa ya utupu. Akalalamika kwamba magunia yamemaliza maji yote na sasa atateka ya chai mtoni. Asubuhi iliyofuata nilisoma hesabu ya msingi: ilikuwa imeshuka kuliko siku zote za wiki ile. Alasiri mvua kubwa ikanyesha. Kesho yake nilipiga pipa kwa vifundo vya vidole, likatoa sauti nzito, limejaa mpaka shingoni, na hesabu ya msingi ilikuwa imepanda. Nilisimama pale nimeshika kikombe na sikusikia chai ikinimwagikia kidole. Nyutroni zilizopenya ganda la plastiki zilikuwa zinaingia kwenye pipa, zinagonga maji, zinapungua mwendo na kurudi kwenye kigunduzi. Pipa likijaa, namba ya kugawanyia inakua, na udongo wote wa shamba unaonekana mkavu. Mvua ndiyo iliyolijaza pipa. Mgeni alikuwa amekaa miezi yote hiyo akihesabu maji ya chai.

Kumwambia Bwana Wafula kulikuwa kugumu kuliko kutafuta. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma. Akaenda kwenye pipa, akaliangalia, akakishika kitambaa pembeni bila kukiinua. Aliyaona yote mara moja. Yeye ndiye aliyenifundisha zile gololi. "Sasa ningemweka wapi?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekosewa na rafiki. "Chini? Kwa matope?" Nilielewa kwamba kilichomuumiza si barua. Angekuwa mvivu au mlevi, kosa lile lisingemtokea. Lilimtokea kwa sababu ya heshima. Nikamwambia naweza kumweleza Daktari mimi mwenyewe, na kusema ni mimi niliyekuwa naweka chombo pale. Alinigeukia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona. Alisema hajatunga hesabu hata siku moja katika maisha yake, na hataanza kwa kutunga mwenye makosa. Tutahesabu mbele ya Daktari, akasema, pipa likiwa limejaa na pipa likiwa tupu, na aone kwa macho yake. Kisha akaniambia nilitunze pipa libaki limejaa.

Daktari alikuja siku ya mwisho ya mwezi, bahasha ikiwa mfukoni mwa shati lake. Ncha yake ilionekana. Bwana Wafula alimsalimia, akamuuliza habari za safari na za nyumbani, kisha akasema, "Daktari, kabla ya hiyo barua, tunaomba nusu saa yako." Daktari akatazama mfuko wake, akanitazama mimi, akakaa. Tulihesabu pipa likiwa limejaa. Nikasoma namba kwa sauti na Daktari akaiandika mwenyewe. Kisha Mama Cherop akafungulia bomba, akajaza sufuria, ndoo na karai, akinung'unika kwamba maji ya watu wa chai yanamwagwa kwa ajili ya masomo, na yeye kule mtoni hatarudi leo. Tukahesabu tena. Namba ilikuwa imeshuka, si kidogo. Daktari akasema turudie. Tukarudisha maji yote kwa ndoo, mimi na Mama Cherop, nguo zetu zimelowa, tukahesabu, ikapanda. Tukamwaga, ikashuka. Mara ya tatu Daktari mwenyewe alivua saa na kushika ndoo. Baada ya hapo Bwana Wafula alikikunja kitambaa mara nne, akakitia mfukoni, akalichukua sanduku la mbao na kulipeleka katikati ya uwanja wa nyasi, mbali na ukuta, mbali na pipa, mbali na sisi. Akalilaza chini. Akaweka chombo juu yake, akarudi akiwa amefuta mikono kwa leso, akatuambia hii ndiyo hesabu ya msingi.

Daktari alitazama karatasi yake. Nilikuwa nangoja aseme msimu wote umepotea, na nadhani alikuwa karibu kusema hivyo. Kisha akauliza kama zile namba za shambani zenyewe, kabla ya kugawanywa, bado zipo.

"Ziko zote," alisema Bwana Wafula. "Kwa wino. Sijawahi futa hata moja."

Aliweka vitabu vitatu mezani. Hapo Daktari alielewa, na mimi pia nikaelewa kwa kumtazama yeye. Namba za shambani zilikuwa safi tangu mwanzo. Kilichochafuka ni kigawanyo tu. Tukipata hesabu moja nzuri ya msingi, kwenye nyasi, kwa siku kadhaa mfululizo, tungeweza kugawanya upya kila namba ya msimu mzima, maana mabadiliko ya betri na joto yalikuwa madogo ukilinganisha na yale ya pipa. Na mtu anayetunga hesabu asingezihifadhi hivyo, pamoja na zile zilizomwaibisha. Daktari alifungua ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, akatazama tarehe na mvua. Hakuomba msamaha; wakubwa wa siku zile hawakuwa na desturi hiyo. Lakini bahasha hakuitoa, na alipoletewa chai aliinywa yote, akaomba tena. Akauliza nani aliyegundua. Bwana Wafula akaninyooshea kidole. Daktari akaniuliza nimesoma mpaka wapi, nikamwambia kidato cha pili, na fizikia tuliishia kwenye sumaku. Mama Cherop akadakia kutoka jikoni kwamba sumaku yenyewe pia niliikimbia.

Kugawanya upya kulichukua wiki saba. Kila alasiri tulikaa kwenye chumba cha mbele, Bwana Wafula akisoma, mimi nikibonyeza kikokotoo kilichotumia mwanga wa jua, tukihama na meza kadiri jua lilivyohama dirishani. Ilikuwa kazi ya kuchosha na sikuwahi kufanya kazi niliyoitaka zaidi. Mistari mipya ilipokamilika tuliibandika ukutani. Ilionyesha mvua ya mwezi wa nne ikiingia sentimita thelathini kwa siku chache, sitini baada ya wiki, tisini baada ya mwezi na zaidi, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa kila kidato. Mstari wa mita moja na nusu ulikuwa umelala, kimya, kama ulivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Bwana Wafula alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Alisema tu kwamba hapo chini bado hapajapata habari.

Baada ya mavuno mradi ulipata chombo cha pili na shamba dogo nje ya Bungoma, na Daktari akatafuta mtu wa kukisimamia. Bwana Wafula alisema mtu huyo ni mimi. Daktari akasema sina karatasi yoyote. Bwana Wafula akajibu kwamba karatasi ya kushika chombo ni ya kwake, atakuja kila Ijumaa kukagua na kutia sahihi, lakini macho yatakuwa yangu. Walibishana siku mbili kwa adabu kubwa. Nikaondoka mwezi wa pili, mwaka mmoja kasoro wiki chache tangu lile trekta, nikapitia Kitale kununua daftari tatu na kalamu ya wino. Nilifika Bungoma mchana. Chombo kilikuwa kimetangulia na gari la mradi, nikakiona kimefungiwa kwenye ghala lake la saruji peke yake, nikapima gama mlangoni, nikaridhika. Kisha nikaenda kutafuta mahali pa kulala.

Nyumba tatu zilinikataa. Msichana peke yake, bila bwana, bila ndugu mjini, kazi yake haieleweki. Ya nne ilikuwa nyuma ya soko, vyumba sita vilivyotazamana na ua uliofagiliwa, na mwenye nyumba alikuwa Mama Sella, mjane mnene aliyekuwa akianika dagaa kwenye ungo. Nilimsalimia, nikamwambia nataka chumba. Akaniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia ukoo. Akaniuliza nafanya nini, nikasema napima maji yaliyo ndani ya udongo. Akaacha dagaa. Alinionyesha chumba cha mwisho: kitanda cha kamba, dirisha moja, msumari wa kutundika nguo, sakafu iliyosiribwa juzi tu. Nikasema kinanifaa. Lakini hakunipa ufunguo. Aliushika mkononi, akaugeuza.

"Mimi sipendi watu wa kulala siku mbili na kupotea," alisema. "Wewe utakaa mpaka lini?"

"Mpaka maji yafike mita moja na nusu."

"Hiyo itakuwa lini?"

"Sijui, mama. Hakuna mtu anajua. Ndiyo nimekuja kuangalia."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, bila haraka. Kisha akanipa ufunguo, akasema choo kiko nyuma ya mgomba na ugali unakuwa tayari saa moja, nisichelewe.